Mti wa Uani na Gitaa la Mkono

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Habaswein

 

Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba niseme maneno machache juu ya maisha ya nyumbani huku kwetu, mbali na miji mikubwa, nadhani aliona kwamba mwalimu aliyestaafu hana kazi ila kukaa kivulini na kuyahesabu magari yaendayo Wajir. Amekosea kidogo. Kivuli chenyewe kilianguka mwezi wa Novemba mwaka 2023, nami tangu siku hiyo nimekuwa na kazi nyingi kuliko nilipokuwa darasani. Habari ya kuanguka kwake ndiyo nitakayowasimulieni, pamoja na habari ya gitaa hili mnaloliona limeegemea meza ya Bwana Mweka Hazina. Msihofu, sitalipiga. Nimelileta kama shahidi tu.

Nasema habari hii sasa, wala si mwakani, kwa sababu nyuma ya ofisi ya Chama chetu imepangwa miche themanini ya mwarobaini, ambayo Kamati imekusudia kuwagawia wanachama kabla ya mvua za Deyr. Miche ile ni mizuri kwa kuitazama. Nami nina neno juu yake.

Wageni hutuuliza maana ya jina la mji huu. Kwa Kisomali ni vumbi kubwa, na hakuna awezaye kusema kwamba wahenga waliotupa jina hilo walitusingizia. Mto wa Ewaso Nyiro hutoka mbali katika nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, ukateremka kwa fahari yake yote, na ukifika kwetu kwenye kinamasi cha Lorian hupotea mchangani kama mtu aliyeitwa ghafula. Twashukuru kwamba chini yetu mna maji ya Merti, yale yanayovutwa kwa visima virefu kutoka hapa hata Dadaab na Liboi. Lakini maji yaliyo chini ya ardhi hayampi mtu kivuli. Mwenye nyumba ya mabati bila mti amejijengea tanuri, akaiwekea mlango na dirisha.

Mimi kwetu ni Lamu, kama wengi wenu mjuavyo, nami nililetwa huku kufundisha mwaka 1989. Nilikuja na kasha moja la vitabu. Mwaka 1991 nilinunua gitaa Mombasa, gitaa zuri jekundu, nikalipakia juu ya lori. Wakati wa Jilaal wa kwanza, usiku mmoja nikasikia mlio kama wa ukuni unaopasuka motoni. Nilipowasha taa nikaona uso wa gitaa umefanya ufa tangu tundu hata mwisho. Nikadhani nimeuziwa kitu kibovu, nikamlaani muuzaji mno. Baadaye nilijua kwamba mtu yule hakuwa na kosa. Ubao uliozoea hewa ya pwani, hewa iliyojaa maji, ulipoletwa katika ukavu wetu ulinywea, na kwa kuwa ulikuwa umefungwa kwa gundi pande zote haukuwa na njia ila kupasuka. Ufa ule niliuziba mara tatu, nao ukafunguka mara tatu.

Basi wakati huo nikaanza kutamani kutengeneza gitaa la mbao zilizokwisha kuteseka huku huku. Tamaa hiyo nilikaa nayo miaka zaidi ya thelathini, maana sikuwa na mbao, na mtu hakati mti mzima ili apate ala ya kuchezea.

Mti wangu niliupanda baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1997 na 1998. Ulikuwa mwarobaini, mti ambao asili yake ni Bara Hindi na Burma, lakini umekuwa raia wa nchi hii kiasi kwamba mitaa ya Garissa bila mwarobaini mtu asingeitambua. Nilikuwa nimeuotesha katika debe la mafuta ya kupikia, nikauweka barazani, nikaupenda jinsi ulivyopendeza, na kwa kuupenda nikauacha ndani ya debe lile miaka miwili kamili. Liwekeni neno hilo akilini.

Ulikua. Nilikuwa nikitawadha penye shina lake, na wageni wangu kadhalika, hata maji ya udhu hayakupotea bure. Nitasema hapa kwa wale walio na miti michanga: mpeni mti maji mengi kwa siku moja ya juma, kama madebe mawili, kuliko kumwagia kikombe kila jioni. Kikombe hulowesha vumbi la juu tu, na mizizi hupanda juu kukifuata. Jua la Jilaal likija huikuta hapo juu na kuikausha. Maji mengi huzama, na mizizi huzama nayo. Zungusheni bakuli la udongo pasipo kuurundika udongo wenyewe kwenye shina, mtandike majani makavu juu yake, na ua wa miiba uwe imara, kwani mbuzi hasomi mabango. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yamwageni kwingine.

Mwarobaini wangu ulifika miaka ishirini na zaidi, na chini yake walikaa watoto wa majirani wakisoma, mabibi wakisuka mikeka, na wazee wakihukumu mambo ambayo sikuruhusiwa kuyasikia.

Kisha ikaja ile kiangazi ambayo hapana haja ya kuwaeleza. Tangu Deyr ya mwaka 2020 hata Deyr ya mwaka 2022, misimu mitano ilifuatana pasipo mvua ya kutosha. Kila mmoja humu ndani ana hesabu yake ya mifugo, nami sitazihesabu mizoga ya mtu mbele ya watu.

Jirani yangu alikuwa na mbuzi wengi. Mtu huyu ni mzee kuliko mimi, nami humwita Adeer ingawa damu yetu haikukutana popote, kwani amenizidi umri na amenikaribisha alipoona mimi ni mgeni. Yeye huniita Mwalimu. Kazi ya mikono yake, iliyo kazi ya baba yake pia, ni kuchonga kengele za ngamia, zile koor za mti ambazo mchungaji huzitambua mlio wake usiku, kila moja na ngamia wake. Asubuhi moja ya mwaka 2022 alikuja akasimama nje ya ua wangu, asiingie.

Akasema, "Mwalimu, mbuzi wamebaki kumi na mmoja. Naomba majani."

Majani ya mwarobaini ni machungu, na mbuzi aliyeshiba hupita akiyanusa tu, lakini mbuzi mwenye njaa huyala, na ngamia pia. Nikamwambia, "Adeer, kata matawi mawili ya upande wa mashariki." Siku ya pili nikaondoka kwenda Garissa kwa matibabu, nikakaa huko majuma matatu. Niliporudi sikuuona mti. Niliona nguzo. Matawi yote yamekatwa kwa shoka, mengine yamechanika na kuvuta gamba hata katikati ya shina, na vibanzi vimebaki vikitokeza kama vigingi vya kutundikia vikapu.

Sikumwuliza. Laiti ningemwuliza. Nilimsalimu kama desturi, naye akaitikia, na salamu hiyo ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu yote kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Watu wawili wanaweza kukaa ukuta kwa ukuta na kuwa mbali kama Habaswein na Lamu.

Niache kisa kidogo niseme juu ya kukata matawi, maana jambo hili twalikosea nyumba nyingi. Pale tawi linapoungana na shina pana uvimbe, kama kola ya shati. Mti huliziba jeraha lake kwa kutumia uvimbe huo. Basi kata nje kidogo ya kola, usiiondoe, wala usiache kibanzi kirefu, kwa kuwa kibanzi huoza, na uozo huingia moyoni mwa mti. Tawi zito likatwe mara tatu: kwanza chini yake, shubiri moja kutoka kwenye shina, msumeno uingie theluthi tu, pili juu yake, mbele kidogo ya pale, hata lianguke lenyewe bila kuchana gamba, tatu ondoa kipande kilichobaki. Usichukue zaidi ya robo ya majani katika mwaka mmoja, kwani majani ndiyo jiko la mti. Zamani tulifundishwa kupaka lami au rangi juu ya jeraha. Wajuzi wa miti wamekwisha kuona kwamba haisaidii, na mara nyingine hufungia unyevu na uozo ndani. Liacheni wazi.

Kwa Adeer sheria ya robo ingekuwa na maana gani, mbuzi kumi na mmoja wakilia? Sikulifikiri hilo wakati ule. Nililifikiri baadaye.

Mti haukufa. Ulichipua juu kama ufagio, machipukizi mengi membamba yaliyoshika kwenye gamba tu. Ukaja mwezi wa Novemba mwaka 2023, nayo mvua ya El Niño ikashuka juu ya Mandera, Wajir na Garissa kwa mkupuo mmoja, kama deni la miaka mitatu lililolipwa kwa usiku mmoja. Uani kwangu maji yalisimama magotini. Usiku wa nne upepo ukavuma, na mwarobaini ukaanguka mzima mzima, shina na mizizi yake, juu ya ukuta wa jiko. Alhamdulillahi, jikoni hamkuwa na mtu.

Kulipopambazuka nilikwenda kwa wazee. Nakiri mbele yenu kwamba nilikwenda na hasira iliyokuwa imelala mwaka mzima, nayo ilikuwa imenenepa. Nilisema mti wangu umeuawa na mtu ninayemjua, na kuanguka kwake kumenivunjia ukuta, nami nataka gharama ya ukuta. Wazee wakasema watakuja kutazama maji yakipungua. Baadhi yao wako humu ukumbini, nao wanisahihishe nikikosea.

Walikuja watano. Jirani yangu akaitwa, akasimama kando amenyamaza. Mmoja wa wazee, ambaye ujanani alikuwa mchimba visima, hakutazama matawi hata kidogo. Alishuka ndani ya shimo lililoachwa na mizizi, akachokora kwa bakora yake, akaosha kwa maji ya shimoni, kisha akaniita.

"Mwalimu, mzizi huu mbona umejisokota kama kamba ya ndoo?"

Nilishuka nikaangalia. Chini ya shina palikuwa na kifundo cha mizizi minene kama mkono wangu, imezunguka mara tatu, mmoja juu ya mwingine, na kifundo chote kilikuwa na pembe nne. Pembe nne, mabwana! Lilikuwa debe lile la mafuta ya kupikia, na debe lenyewe nilikuwa nimelitupa mwaka 1998. Mwarobaini uliopandwa vema huteremsha mzizi mkuu chini sana, na upepo hauuwezi kwa urahisi. Wangu haukuwa na mzizi mkuu. Ulipokuwa mchanga mzizi ule uligonga chini ya debe, ukapinda, ukazunguka, na baada ya kupandwa ukaendelea kuzunguka, kwani mzizi uliokwisha kushika umbo haunyooki wenyewe. Miaka ishirini na mitano mti ule mkubwa ulisimama juu ya kitu kisichozidi ukubwa wa kiti. Ardhi ilipokuwa kavu ilitosha kuushika, lakini ilipokuwa tope haikutosha. Kama matawi yake yangalikuwepo yote, upepo ungaliuangusha mapema zaidi.

Niliwaambia wazee kwamba naondoa madai yangu. Hawakusema neno. Kumwomba Adeer radhi sikuweza siku ile, ulimi ulikuwa mzito; nilimwomba baada ya siku tatu, naye akasema tu kwamba alipokata tawi la tatu alijua amevuka ruhusa, akaendelea. Alisema mbuzi wanne kati ya wale kumi na mmoja walipona. Sikujua la kujibu.

Asubuhi ya siku ile ya nne alikuja na msumeno wa watu wawili. Nilikuwa nimeazimia kuuza shina liwe kuni ili nilipe fundi wa ukuta. Adeer akainama, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasogea, akagonga tena, sikio lake karibu na gamba, jinsi ninavyodhani anavyogonga mti wa koor.

"Usiuchome, Mwalimu. Moyo wake ni mzima. Huu una sauti."

Tukaukata magogo, na seremala mmoja akatupasulia mbao za unene wa inchi moja. Vumbi lake ni chungu kooni, na afanyaye kazi hiyo na ajifunge kitambaa puani. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia, na si ajabu, kwani mwarobaini ni wa ukoo mmoja na mkangazi, ambao watengenezaji wa gitaa wa Ulaya na Marekani wameutumia kwa shingo na migongo kwa muda mrefu. Katika ukoo huo huo yumo mukau, ule mti wa Kitui ambao ningependa Chama kiutafutie mbegu siku moja, lakini hilo ni la mkutano mwingine.

Mbao mbichi hazifai. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Wengine watasema kwamba kwa jua letu miezi miwili yatosha, na hapo ndipo hatari ilipo, maana ubao ukikauka upesi ncha zake hutangulia kukauka na kupasuka. Tulizipaka ncha rangi nzito, tukazipanga mbao kivulini mbali na ardhi, na kati ya ubao na ubao vijiti ili hewa ipite. Kila mwezi Adeer alikuja akaugonga ubao mmoja. Miezi ya kwanza alitikisa kichwa. Mapema mwaka 2025 aligonga, akanitazama, akasema, "Umejibu."

Naona baadhi ya wazee wangu wananitazama kwa jicho la kuuliza ni nini faida ya gitaa. Wako miongoni mwetu wasiopenda ala za muziki, nami siwabishii, kila mtu na dhamiri yake. Nitakumbusha tu kwamba nyuzi si jambo geni kwetu sisi watu wa upande huu. Lamu tulikuwa na gambusi, lililochongwa kutoka gogo moja na kuwambwa ngozi ya mbuzi. Wasomali wana kaban. Abdullahi Qarshe, aliyeitwa baba wa muziki mpya wa Kisomali, alizaliwa Moshi mwaka 1924, hapa hapa Afrika Mashariki, akaenda akakulia Aden. Mwaka huo huo 1924 alizaliwa huko Kilifi Fundi Konde, aliyewatumbuiza askari wa Vita Kuu ya Pili, kisha akawafundisha Wakenya wengi gitaa ni kitu gani. Naye Ahmed Ismail Hussein, yule Hudeydi aliyezaliwa Berbera mwaka 1928, aliliimbisha kaban hata alipofariki London mwaka 2020. Sisi watoto wa wakati wetu tuliyaunda magitaa kwa mikebe na nyuzi za breki za baiskeli, na mwenye baiskeli alipogundua, mpigaji alipigwa yeye.

Basi tukaanza. Mgongo na mbavu ni mwarobaini, zimerandwa hata zikawa milimita mbili na kidogo. Nyuzi za mbao zake zimepishana, moja yaenda huku na moja kule, hata randa isiyo kali huzing'oa badala ya kuzikata. Tulimaliza kwa tupa, kipande cha kioo na msasa. Mbavu tulizipinda juu ya bomba la chuma lenye makaa ndani, ubao umeloweshwa, ukisukumwa polepole. Mbili zilivunjika. Ya tatu iliungua. Kubana gundi hatukuwa na jiriwa za kutosha, tukakata mpira wa ndani wa tairi kuwa kamba ndefu tukalifunga gitaa kama mtoto mchanga. Uso ni wa saipresi, ubao wa kabati kuukuu la vitabu uliokwisha kukaa katika ukavu wa Habaswein miaka ishirini, na unene wake ni kama milimita tatu.

Ubao wa vidole, ule ulio juu ya shingo, hutaka mti mgumu sana. Mahali pengine hutumia mpingo, ule wa Tanzania unaofanyiwa zumari za kizungu. Lakini mpingo umekuwa adimu. Mwaka 2017 ukoo wake wote uliingizwa katika mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa tangu mwishoni mwa mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zimeachiliwa. Sisi tulitumia mathenge.

Nasikia mnacheka. Mathenge, wanaouita wengine aligaroob, uliletwa Kenya mwaka 1973 kufunika machimbo ya mawe ya Bamburi, ukapandwa na kwingineko kwa nia njema ya kuzuia jangwa, na mwaka 2008 Serikali ikautangaza kuwa magugu mabaya. Sina nia ya kuutetea. Umefunga njia za maji, miiba yake hutoboa tairi na kwato, na asiupande mtu yeyote uani kwake. Lakini mbao za mathenge mnene zina sifa moja isiyojulikana na wengi: hazinywei wala hazivimbi sana hewa ikibadilika. Huko Texas, Marekani, mafundi wa gitaa wameutumia mti wa jamaa yake. Yule anayeukata ili kuuchoma makaa na achague kigogo kimoja kilichonyooka, akiweke kando.

Hapo ndipo nilipofanya kosa jingine, kosa la mwalimu wa hesabu. Vile vyuma vyembamba vinavyogawa shingo lazima vipangwe kwa kipimo. Nilikuwa na kanuni ya kale kichwani: chukua urefu wa uzi, gawanya kwa 18, weka chuma cha kwanza, chukua urefu uliobaki, gawanya tena kwa 18, na kuendelea. Urefu wangu ni milimita 650. Nikapima, nikakata, nikatia vyuma, nikafunga nyuzi. Chini ya shingo sauti zilikuwa nzuri. Kila nilipopanda zilizidi kuharibika, hata Adeer, asiyejua gitaa, akasema, "Hapo juu ngamia wawili wamebadilishana kengele." Nilirudi kwenye hesabu. Chuma cha kumi na mbili yapasa kikae nusu kamili ya uzi, milimita 325. Changu kilikuwa karibu 322 na nusu. Namba iliyo sahihi si 18 bali ni 17.817. Chuma cha kwanza hukaa milimita 36 na nusu kutoka juu, wala si 36. Tofauti hiyo ndogo hujikusanya hatua kwa hatua. Tuling'oa ubao wote wa mathenge tukaanza upya. Kijana yeyote anayetaka kujaribu na aiandike namba hiyo ukutani.

Limekamilika mwezi wa nane wa kazi. Sauti yake si ya gitaa la dukani. Ni nzito kidogo kwenye nyuzi nene, na mgongo ni mzito mkononi. Limekwisha kupita Jilaal bila ufa. Mjukuu wa Adeer hulipiga jioni vizuri kuniliko, na babu yake husikiliza akiwa upande wake wa ukuta, kwani kuja kukaa karibu anasema si adabu ya mtu wa umri wake.

Pale uliposimama mti wa kwanza nimepanda mwingine, wakati wa Gu ya mwaka 2024. Safari hii nilichana mfuko, nikakata kwa kisu kikali mizizi yote iliyoanza kuzunguka, nikainyosha iliyobaki kwa vidole kabla ya kufukia. Mche ulinyauka siku kumi, nikasikitika, kisha ukashika. Adeer ndiye aliyeleta miiba ya ua.

Sasa narejea kwenye miche themanini. Ijumaa iliyopita, kwa ruhusa ya Bwana Katibu, nilichana mifuko mitatu. Mche mmoja mzizi wake umenyooka. Miwili imezunguka mara mbili chini ya mfuko. Imekaa humo muda mrefu mno, kama wangu ulivyokaa debeni, na kwa macho hakuna atakayeona tofauti, si leo wala miaka ishirini ijayo. Naiomba Kamati isiigawe kama ilivyo. Kila mfuko na uchanwe kwanza. Ambao mizizi yake yaweza kukatwa na kunyoshwa, ikatwe. Ambao kifundo chake kimekwisha kuwa kigumu, utupwe, hata ikiwa ni nusu ya yote, wala mwanachama asinung'unike akipewa mche mfupi wenye mzizi mzuri.

Kazi hiyo yaweza kumalizika kwa alasiri moja tukiwa watu kumi. Mimi na Adeer tutakuwa nyuma ya ofisi siku ya Jumamosi baada ya sala ya Alasiri. Atakayekuja aje na kisu kikali na ndoo ya maji. Vilevile mbao nne za mwarobaini zimebaki stoo kwangu, zimekwisha kujibu, nazo zamngoja kijana mwenye subira.